Zaka: Kutoka Dinari Hadi Pesa za Simu



Kila Ramadhani ikiingia, wengi wetu hutafuta chenji za kuwagaia maskini mlangoni, kisha tukasema, "Mimi nishatoa zaka." Hebu tuulizane: hiyo ni zaka au ni sadaka? Zaka ina hesabu yake, na hesabu hiyo ina historia.

Enzi za Mtume (s.a.w.) pesa zilikuwa dinari za dhahabu za Warumi na dirham za fedha za Waajemi. Nisabu ikawa dinari 20 au dirham 200. Ukizimiliki mwaka mzima, watoa fungu moja katika 40, yaani asilimia 2.5. Mwaka wa 77 Hijria, Khalifa Abdul-Malik bin Marwan akapiga dinari ya Kiislamu yenye uzani wa kama gramu 4.25. Zidisha mara 20 upate gramu 85. Ndiyo nisabu ya dhahabu unayoisikia misikitini hadi leo.

Bidhaa nazo hazikuachwa. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alimtaka Hamas, muuza ngozi, atoe zaka. Hamas akajibu kuwa hana mali ila hizo ngozi. Umar akamwamuru azikadirie thamani, kisha azitolee zaka.

Mtihani ulikuja na noti. Wapo wanazuoni waliosema kuwa karatasi si dhahabu, ni hati ya deni tu. Fikiria, ndugu yangu: dinari hazipo tena sokoni. Lau zaka ingebaki kwenye dinari na dirham pekee, tajiri angelaza mamilioni benki na maskini asipate hata ndururu! Mwaka 1986, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Amman, Jordan, likapitisha kuwa noti ni pesa kamili, na hukumu za riba na zaka zinazihusu kama dhahabu na fedha. Mwaka 1988, huko Jeddah, likaamua kuhusu hisa: aliyezinunua ili aziuze atatoa zaka kwa bei ya soko.

Kwa hiyo M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, jibu lilikuwa lishapatikana. Shilingi ni shilingi, iwe mfukoni, benki au kwenye simu.

Sasa chukua kalamu. Muulize sonara bei ya gramu moja ya dhahabu leo, uzidishe kwa 85. Kisha jumlisha akiba yako yote, bidhaa za dukani kwa bei ya leo, na madeni unayotarajia kulipwa. Nyumba unayokaa na gari unalotembelea usivihesabu. Matatu yako pia haihesabiwi, ila mapato yake uliyoyaweka. Ama deni unalodaiwa wewe, wanazuoni wametofautiana kulipunguza. Muulize sheikh wako.

Ikiwa jumla imefika nisabu na mwaka wa Kiislamu umepita, gawanya kwa 40. Utakachopata ndicho zaka yako, uwape wale wanane waliotajwa katika Surat Tawba, aya ya 60.

Hiyo zaka si hisani yako, ndugu yangu. Ni haki ya mwenzako iliyo mikononi mwako. Mfikishie kabla hujaulizwa.

Wabillahi tawfiq.