Mizani na Mwili wa Mgonjwa wa Moyo: Kutoka Kampala hadi Mwanjelwa

Insha hii inachunguza jinsi mabadiliko ya mwili wa mgonjwa wa moyo yalivyofasiriwa katika Afrika Mashariki tangu mwaka 1948. Hoja yake ni kwamba uzito peke yake haukuwahi kuwa ushahidi wa kutosha.

Moyo unaposhindwa kusukuma damu ipasavyo, figo huzuia chumvi na maji. Miguu na tumbo huvimba. Wakati huohuo hamu ya chakula hupungua na misuli husinyaa. Maji yanayoongezeka huficha nyama inayopotea, na mizani huweza kuonesha kilogramu zilezile kwa mwili ambao si uleule tena.

Mwaka 1948, mtaalamu wa patholojia J.N.P. Davies alieleza, kutoka Kampala, ugonjwa wa makovu katika utando wa ndani wa moyo. Mgonjwa aliyezidiwa na ugonjwa huo huwa na tumbo lililojaa maji na viungo vilivyokonda. Katika maelezo hayo ya kitabibu, kukonda kulikuwa sehemu ya ugonjwa wa moyo.

Mwaka 1985 kilichapishwa kisa kingine cha Uganda: maradhi mapya yaliyopewa jina kutokana na kukondesha, ambayo Waganda huyaita silimu. Kuanzia hapo kukonda kulielekea kubeba maana moja. Uzito wa maana hiyo katika Nyanda za Juu Kusini unaeleweka: utafiti wa kitaifa wa 2007-08 ulikuta maambukizi ya VVU kwa asilimia 15.7 ya watu wazima mkoani Iringa na asilimia 9.2 mkoani Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.7. Mchuuzi wa Mwanjelwa aliyekonda mabega angeweza kushukiwa VVU kabla yeyote hajauliza kuhusu moyo wake.

Gharama ya kuchelewa ni kubwa. Utafiti wa Stefan Anker na wenzake, uliochapishwa mwaka 1997, ulionesha kwamba nusu ya wagonjwa wa moyo waliodhoofu kwa kupoteza zaidi ya asilimia 7.5 ya uzito, bila kuhesabu maji, walifariki ndani ya miezi 18. Nao utafiti wa Muhimbili wa mwaka 2014 ulikuta wagonjwa wenye wastani wa umri wa miaka 55, shinikizo la damu likiwa chanzo kikuu.

Kwa hiyo, mwanahistoria anayesoma mafaili ya hospitali asiridhike na safu ya uzito. Aisome pamoja na uvimbe, misuli na hofu ya zama zake.