Ulinzi wa majarida katika maktaba za shule (Butembo na Beni)

Ulinzi wa majarida katika maktaba za shule ni kazi ya kuhakikisha kwamba magazeti na majarida yaliyopokelewa na shule hayatolewi nje kwa siri, hayanyofolewi kurasa wala kukatwa picha, na kwamba pengo likitokea linajulikana mapema. Butembo na Beni, miji miwili ya Kivu Kaskazini, Kongo, iliyoachana kwa kilomita zipatazo 50 kwenye barabara ya taifa namba 2, ina sababu zake za kuitilia maanani kazi hii. Kitabu cha kiada kikipotea, mara nyingi kingine hupatikana madukani au kwa mfanyabiashara anayekwenda Kampala kupitia mpaka wa Kasindi. Toleo la jarida lililochapishwa Kinshasa au Paris miaka mitano iliyopita haliuzwi tena popote mjini, wala posta haitegemewi kulileta. Likiondoka, limeondoka pamoja na habari zake.

Asili ya makusanyo

Mapadre wa Assomption walifika eneo la Beni mwaka 1929, na shule nyingi za zamani za Beni na Lubero zilianzia kwenye misheni zao. Shirika hilohilo ndilo lililoanzisha huko Paris, mwaka 1873, nyumba ya uchapishaji ya La Bonne Presse, ambayo leo ni Bayard. Hivyo karatasi ilikuwa sehemu ya utume wao tangu mwanzo. Jimbo Katoliki la Beni liliundwa 1959 na kuitwa Butembo-Beni mwaka 1967. Mwaka 1989, chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo, nacho hutoa jarida lake, Parcours et Initiatives. Shule za Kiprotestanti, hasa za Wabaptisti wa CBCA, nazo zimekusanya machapisho ya makanisa yao na ya wafadhili wa nje.

Ndiyo maana kabati moja la shule linaweza kubeba mambo ya nyakati tofauti kabisa. Jarida la Wajesuiti wa Kinshasa limebadili jina pamoja na nchi: Congo-Afrique, kisha Zaïre-Afrique tangu 1971, kisha Congo-Afrique tena baada ya 1997. Planète Jeunes, lililoanza 1993 kwa vijana wa Afrika wasomao Kifaransa, lina picha za rangi na kurasa za afya na muziki. Gazeti la Les Coulisses, la mwandishi Nicaise Kibel'Bel Oka, limeeleza vita vya eneo la Beni kwa majina ya vijiji ambavyo wanafunzi wanavijua. Kiswahili hakionekani sana. Machapisho ya Kiswahili ambayo familia nyingi huyaona nyumbani ni ya dini, kama Mnara wa Mlinzi na Amkeni!, ambayo hutolewa bure, na kwa kuwa ni ya bure hakuna anayehangaika kuyaiba.

Hewa ya mahali nayo ina neno. Butembo iko kwenye vilima vya zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, penye ukungu na mvua nyingi. Karatasi ya kung'aa ikilala kwenye unyevu hugandamana, na mtu anayejaribu kuitenganisha huipasua. Kurasa nyingi zinazodhaniwa kuwa zimeibwa kwa kweli zimekufa hivyo, na mkutubi hana budi kutofautisha hasara hizi mbili kabla ya kumshuku mwanafunzi.

Nani huchukua, na kwa nini

Kitabu huondoka kizima. Jarida huondoka kipande kwa kipande: leo bango la katikati, kesho ukurasa wa mchezaji mpira, wiki ijayo makala ya malaria ambayo mwalimu ameagiza darasa zima liisome. Anayechukua mara nyingi ana haja halisi. Mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuandaa maelezo mbele ya wenzake, asiye na fedha ya fotokopi huku maktaba ikifunguliwa saa moja tu kwa siku, ataupasua ukurasa akijiambia kwamba ataurudisha. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa humanite wanaojiandaa kwa mtihani wa Serikali, Exetat, ulioanzishwa 1967, hutafuta habari za dunia kwa ajili ya sehemu ya maarifa ya jumla, na jarida ndilo linalowapa habari hizo kwa kifupi.

Wapo pia wanaotaka karatasi yenyewe. Madaftari ya shule hufunikwa, na ukurasa mgumu wenye rangi hulifunika daftari vizuri kuliko gazeti jeusi. Picha hubandikwa ukutani nyumbani. Karatasi iliyokwisha kusomwa hufungia karanga, sabuni na mikate sokoni, kwa hiyo rundo la majarida lina bei hata kwa asiyejua kusoma. Na walimu nao wamo. Mwalimu anayekwenda na toleo nyumbani kuandaa somo, akahamishwa shule kabla ya kulirudisha, ameiletea maktaba hasara ileile, ingawa hakuna atakayemwita mwizi. Kanuni yoyote inayowakagua wanafunzi mlangoni na kuwaacha walimu wapite na mikoba yao haitaheshimiwa, na wanafunzi ndio watakaokuwa wa kwanza kuliona hilo.

Kuandikisha

Kinga ya kwanza ni daftari, kabla ya kufuli. Shule isiyojua ilipokea nini haiwezi kujua ilichopoteza, na katika shule nyingi pengo hugunduliwa siku mtu anapolitafuta toleo fulani, miezi au miaka baada ya kuondoka kwake. Kila jarida hupewa ukurasa wake katika daftari la mapokezi, wenye jina, namba ya toleo, tarehe ya kufika, aliyelileta na hali yake. Toleo ambalo halikufika huandikwa kuwa halikufika. Mstari huo una thamani kubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu unamwondolea mkutubi lawama ya kitu ambacho hakikuwahi kumfikia, jambo la kawaida mahali ambapo furushi hupitia mikono ya dereva, mfanyabiashara na karani wa parokia.

Kisha hufuata mhuri. Mhuri wa jaladani hautoshi, maana jalada ndilo hung'olewa kwanza. Desturi ya wakutubi ni kugonga mhuri pia katika ukurasa mmoja wa ndani ambao namba yake ni ileile kwa kila toleo na inajulikana na watumishi tu. Katika majarida ya picha inafaa kuongeza mhuri kwenye bango la katikati na kwenye picha kubwa, hata kama unaharibu uzuri kidogo: picha yenye jina la shule haibandikwi ukutani bila maswali ya wageni. Idadi ya kurasa huandikwa kwa kalamu nyuma ya jalada, ili anayepokea toleo lililorudishwa alihesabu mbele ya aliyelirudisha.

Majarida ya mwaka mzima yakishonwa pamoja na kutiwa jalada gumu huwa mazito, hayafichiki chini ya sare, na ukurasa mmoja ukinyofolewa mshono hulegea ukaonekana. Fundi wa kujalidi hukosekana au bei yake huwashinda, lakini sindano ya gunia, uzi wa katani na kadibodi hutosha. Matoleo mapya yanayosomwa kila siku hushikwa kwa ufito: mbao mbili nyembamba zinazobana mgongo wa gazeti, kama zilivyozoeleka katika mikahawa ya Vienna. Seremala yeyote wa Butembo anaweza kuzitengeneza kwa mabaki ya mbao.

Nchi tajiri zilifuata njia nyingine. Tangu 1970 kampuni ya Marekani 3M iliuza ukanda mwembamba wa sumaku, Tattle-Tape, unaofichwa kati ya kurasa na kuamsha kengele mlangoni. Unahitaji umeme usiokatika na mlango mmoja wa kutokea, na shule nyingi za hapa hazina uhakika wa kimoja wala kingine.

Kufuli na dhamana ya mkutubi

Njia inayotumika zaidi ni kabati lililofungwa, na ndiyo inayostahili kutiliwa shaka zaidi. Kufunga si jambo jipya: katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, vitabu vilivyofungwa kwa minyororo kwenye rafu bado vipo hadi leo. Lakini minyororo ile iliwekwa ili kitabu kisomwe palepale na kila ajaye. Kabati la shule hufungwa ili lisifunguliwe.

Chanzo chake ni dhamana. Shule nyingi hazina mkutubi wa kudumu. Ufunguo hushikwa na katibu, mwalimu wa Kifaransa au mkuu wa nidhamu. Akiambiwa kwamba kila toleo litakalopotea litakatwa kwenye malipo yake, naye huenda ni mmoja wa wale walimu wa "vitengo vipya" ambao Serikali bado haijaanza kuwalipa, atachagua lililo salama kwake: hatafungua. Majarida yatabaki kamili, yakiliwa na ukungu na panya. Mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan, katika kitabu chake cha 1931 kuhusu kanuni tano za ukutubi, alitetea rafu zilizo wazi na kukubali kwamba hasara kidogo ni gharama ya matumizi, kama zilivyo gharama nyingine za maktaba. Hoja yake ina nguvu, ila katika mji ambao toleo halirudishiki inahitaji nyongeza moja: matoleo ya mwaka huu yawe wazi, yale ya zamani yaliyoshonwa yaombwe kwa kadi ya mwanafunzi na kusomwa palepale.

Prefe, yaani mkuu wa shule, ndiye anayeweza kulegeza hofu hiyo, kwa kuandika kwamba mkutubi anawajibika kwa daftari na hesabu, wala halipi hasara ambayo ameitaarifu kwa wakati. Uamuzi huo huafikiwa vyema ukipitishwa na baraza la usimamizi (COGES) mbele ya kamati ya wazazi (COPA), kwa kuwa wazazi ndio hubeba sehemu kubwa ya gharama za sekondari. Maana gharama za masomo zilizoondolewa Septemba 2019 zilikuwa za shule za msingi za Serikali, si za sekondari.

Njia halali ya kuupata ukurasa

Anayehitaji ukurasa mmoja apewe namna ya kuupata. Mwalimu anayetaka kuagiza makala fulani humwarifu mkutubi kwanza, na fotokopi mbili tatu huwekwa mezani kabla darasa halijafika. Wanafunzi wenyewe wanaweza kunakili makala kwa mkono kwenye bango na kulitundika. Matoleo yaliyokuja mara mbili, au yaliyokwisha kuchakaa, hukatwa rasmi na kupangwa katika majalada kwa mada: Ebola, kahawa, hifadhi ya Virunga, uchaguzi. Jalada la Ebola katika miji hii lina mengi ya kubeba, kwa kuwa mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina karibu na Beni, ulidumu hadi 25 Juni 2020 na kuua watu 2,287. Mabango ya wachezaji na wanamuziki kutoka matoleo ya ziada hutolewa zawadi au huuzwa kwa bei ndogo. Hilo hupunguza hamu ya kisu kwa yale yanayobaki.

Tanzania imeonyesha upande mwingine wa jambo hili. Femina Hip, lililoanza 1999, lilisambazwa bure katika shule za sekondari likikusudiwa kupita mkono kwa mkono. Jarida la namna hiyo haliibwi, husafiri tu. Kivu Kaskazini haina chapisho la vijana la Kiswahili linalosambazwa hivyo, na upungufu huo ni sehemu kubwa ya tatizo la wizi kuliko tabia ya wanafunzi.

Adhabu

Kanuni ya adhabu ya Kongo, ya 30 Januari 1940, huadhibu wizi usio na nguvu kwa kifungo kisichozidi miaka mitano, lakini sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto humwondolea dhima ya jinai aliye chini ya miaka 14 na kuwapeleka wengine walio chini ya 18 kwenye mahakama ya watoto. Ukurasa uliochanwa haustahili kufika huko. Kinachofaa ni kurudisha, kushona upya chini ya usimamizi, au kunakili kwa mkono makala iliyoharibiwa. Kila mwaka iwepo wiki moja ya kurudisha bila kuulizwa, kisanduku kikiwa mahali ambapo hakionekani kutoka ofisi ya nidhamu.

Wakati wa vita

Tangu mauaji ya raia yaanze kuzunguka Beni Oktoba 2014, wizi umekuwa hatari moja tu kati ya nyingi. Madarasa yamegeuzwa makazi ya waliokimbia kutoka Oicha, Eringeti na Mbau, na karatasi iliyomo humo hutumika kuwashia moto wa kupikia. Mama anayefanya hivyo hawezi kuhesabiwa mwizi. Shule hufungwa ghafla, na chumba kisichoingiwa kwa miezi huvunjwa bila shahidi, kama ilivyoweza kutokea pia wakati shule za nchi nzima zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona. Baada ya waasi wa M23 kuitwaa Goma mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya mkoa ilihamia Beni, na mafurushi yaliyokuwa yakipitia Goma yalikosa njia.

Hali hii imebadili maana ya ulinzi mzuri. Majarida yaliyoshonwa hupangwa katika masanduku ya bati yenye vishikio, kila moja likiwa na uzito ambao watu wawili wanaweza kuubeba, orodha ikiwa imebandikwa ndani ya kifuniko na nakala yake kuwekwa parokiani au kwa mjumbe wa COPA. Daftari la mapokezi hupigwa picha kwa simu kila mwisho wa muhula. Hesabu ya mwaka hufanywa kabla ya likizo ya Julai, wanafunzi wa darasa la chini wakisoma namba za matoleo kwa sauti na wa darasa la juu wakiandika, na ukurasa wa mwisho hutiwa sahihi na mkutubi pamoja na prefe. Yaliyokosekana huandikwa kwa jina na namba, ili parokia, chuo kikuu au shule jirani yenye toleo hilo iweze kuombwa fotokopi.