Makina: Ufundi Uliokulia Kwenye Ardhi Isiyo na Hati

Makina ni kijiji kimojawapo cha Kibera, kusini-magharibi mwa Nairobi, na ndiyo ngome ya Wanubi, wazao wa askari Wasudani wa jeshi la King's African Rifles. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi ekari 4,197 za eneo hilo, lililokuwa msitu, kuwa hifadhi ya jeshi, na askari wastaafu wakaishi humo na jamaa zao bila hati. Tume ya Ardhi ya 1934 iliwahesabu kuwa wapangaji wa Mfalme tu, watu wa kuondolewa atakapotaka.

Hali hiyo ndiyo iliyounda ufundi wa Makina kuliko umaskini wenyewe. Nyumba ya kudumu haikuruhusiwa, kwa hiyo mafundi walijenga kwa fito, udongo na mabati. Ukuta ukibomoka hukandikwa upya; mabati hung'olewa na kupigiliwa kwingine. Baada ya uhuru wapangaji walipofurika, vyumba viliongezwa kimoja baada ya kingine kwa mtindo huohuo.

Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu Kenya iliona katika kazi za namna hii uchumi wenye tija, ikashauri ubomoaji wa makazi kama hayo ukome. Ushauri huo haukuyazuia matingatinga. Hata hivyo jua kali, yaani ufundi huo usio rasmi, ilikua, na mapipa chakavu yakawa karai, masanduku na majiko. Katika miaka ya 1980 wataalamu walichukua wazo la jiko la Thailand lenye kikombe cha udongo. Mafundi wa Shauri Moyo, upande wa pili wa jiji, wakalifanyia kazi ganda la bati hadi likapata kiuno chake kinachojulikana leo.

Maji yamekuwa kazi ngumu zaidi. Mipira ya plastiki hutambaa juu ya ardhi hadi kwa mwenye tangi, ambaye huuza kwa mtungi. Presha ikishuka, mpira uliopasuka ndani ya mtaro hufyonza uchafu. Ndiyo maana shirika la SHOFCO katika sehemu za Kibera liliinua mabomba juu ya nguzo, ambako pia ni vigumu kuyatoboa kwa wizi.

Hati ilipatikana mwaka 2017: ekari 288, kwa jina la jamii ya Wanubi. Wapangaji, ambao ndio wengi Kibera, hawamo.