Kuweka ni Hapa, Kulipwa ni Huko

Nimerudi juzi kutoka Kasulu. Gazeti lilinituma nikaandike habari za bei ya maharage, nikarudi na nusu gunia la maharage yenyewe pamoja na habari nyingine ambayo mhariri wangu hana nafasi nayo. Basi naimwaga hapa.

Kijana wa bodaboda aliyenizungusha siku tatu, Kasulu mjini hadi Makere na kurudi, alikuwa mkimya mpaka siku ya mwisho. Tukiwa tunakunywa chai akanionyesha picha kwenye simu: mkeka wa mechi 11, dau shilingi 1,000, timu zote zimetiki. Ushindi milioni tatu na ushee. Nikampa mkono wa pongezi. Akacheka, lakini si kicheko cha mshindi. "Kaka, mimi nimepata nusu tu."

Kwa nini nusu? Nitalieleza hilo, ila kwanza tupite mbali kidogo, maana kisa chake kilianza kabla yeye hajazaliwa.

Wengi tunadhani kubeti mpira na kasino ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Jimbo la Nevada, Marekani, liliruhusu kasino mwaka 1931, lakini waliopokea madau ya michezo walikaa kwenye vijiduka vya pembeni. Mwaka 1951 serikali kuu ikaweka kodi ya asilimia 10 kwenye kila dau, na vijiduka vikawa hoi. Kodi ilishushwa hadi asilimia 2 mwaka 1974, na mwaka uliofuata kasino zikaruhusiwa kupokea madau ya michezo ndani ya majengo yao. Frank Rosenthal alifungua ukumbi wa aina hiyo katika kasino ya Stardust mwaka 1976. Kama umeiona ile filamu ya Casino ya mwaka 1995, mhusika anayechezwa na Robert De Niro ametokana na huyo bwana.

Utaratibu wa dau kubwa mle ndani ulikuwa rahisi. Unafika dirishani, unahesabu fedha, unapewa tiketi. Timu yako ikishinda unarudi na tiketi, unalipwa. Fedha zikiwa nyingi sana unaulizwa kitambulisho, maana serikali inataka kujua nani anatembea na burungutu hilo. La kushika ni hili: dirisha la kuweka na dirisha la kulipwa yalikuwa kwenye ukuta mmoja. Uliyempa fedha ulikuwa unamwona usoni.

Waingereza walikuwa na njia nyingine. Tangu mwaka 1923 kampuni ya Littlewoods ya Liverpool ilikuwa ikichezesha watu ubashiri wa matokeo ya mpira kwa karatasi za posta. Huendi popote, unajaza nyumbani. Mwaka 1961 mchimba makaa ya mawe wa mji wa Castleford, Keith Nicholson, alishinda pauni 152,319. Yeye na mkewe Viv walipanda treni kwenda London kupokea hundi. Fedha zile zilitawanyika kwa miaka michache, Keith akafa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Kuweka dau kulikuwa sebuleni, kulipwa kukawa safari.

Sisi je? Tulikuwa na sheria ya michezo hii na bahati nasibu ya mwaka 1967, kisha Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa ya mwaka 1974. Mwaka 2003 ikaja Sheria ya Michezo ya Kubahatisha na Bodi yake. Kasino zikajipanga Dar es Salaam na miji mingine mikubwa. Mwaka 2006 sheria dhidi ya utakatishaji wa fedha haramu ikawaweka wachezeshaji nao katika orodha ya wanaotakiwa kumjua mteja wao.

Huko Kasulu na Kibondo kasino ingemfuata nani? Nchi ya migomba, mihogo na ukungu wa asubuhi, ambayo kwa miaka mingi umeme wake ulikuwa wa jenereta za dizeli. Kilichopanda milima ni simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2017 SportPesa ikaingia nchini na jina lake likakaa vifuani mwa Simba na Yanga, na Julai hiyo Everton wakaja Taifa wakiwa na Wayne Rooney. Tangu hapo dirisha la kuweka limo mfukoni mwa kila kijana, Kibondo sawa na Kinondoni.

Na dirisha la kulipwa? Hapo ndipo alipokwama kijana wangu.

Laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, na mwisho ukawa Januari 20, 2020. Ili usajili unahitaji kitambulisho cha NIDA. Sasa ukiwa Muha wa mpakani, kupata kitambulisho kuna maswali ya ziada: babu yako alizaliwa wapi, mbona unaongea kama Mrundi? Kijana alichoka na njoo kesho, akatumia laini iliyosajiliwa na rafiki yake. Kubeti hakuna aliyemuuliza jina. Siku ya kushinda ndipo jina likatakiwa. Wakala wa karibu hakuwa na floti ya kulipa fedha hizo, akaambiwa aende kwenye ofisi ya mjini na kitambulisho. Kitambulisho cha nani? Rafiki yuko Mwanza. Rafiki akasema sawa, lakini tugawane.

Kodi ilikwishakatwa kabla. Kilichobaki kikagawanywa mara mbili. Nusu ya ushindi ikawa bei ya jina.

Wazee wa Buha wanakijua kisa hiki kwa sura nyingine. Baba zao walichukuliwa umanamba kwenye mkonge wa Tanga. Kule mtu alipewa kipande, siku zake za kazi zikiwekwa alama hadi zitimie 30, ndipo alipwe. Kipande kisipojaa, hulipwi. Kuchukuliwa kulikuwa kwepesi, karani alikufuata hadi kwenu. Kulipwa ndiko kulikokuwa na masharti.

Sitaki kujifanya mtakatifu. Nami nabeti, na mikeka yangu mingi imechanika. Wala sisemi michezo hii ifungwe. Ninachosema ni kimoja: anayetaka jina langu siku ya kunilipa alitake siku ya kuchukua shilingi 1,000 yangu. Kama sina kitambulisho, dau langu lirudishwe mlangoni. Watapoteza wateja, najua. Ndiyo maana hawaulizi.

Nilimuuliza kijana kama ameacha kubeti. Akawasha pikipiki. "Naendelea kaka. Ila sasa nafuatilia NIDA kila Jumatatu."

Ulishawahi kushinda ukashindwa kulipwa? Nipe kisa chako.