Usukani uko upande gani? Historia yetu ndani ya magari madogo

Leo tunaandika juu ya magari madogo ya kuunda kwa mkono. Kuna wenye watasema hiyo ni michezo ya watoto, si historia. Tunaomba msome kwanza hadi mwisho.

Tuanzie mbali. Kule Japani, Shizuoka inajulikana sana kwa vigari vya kuunganisha. Kampuni ya Tamiya ilianza huko mwaka 1946 ikipasua mbao, halafu ikatengeneza vigari na meli za mbao, na mwaka 1960 ikaingia kwenye plastiki. Mtu ananunua boksi, ndani anakuta vipande vingi vidogo na karatasi ya maelekezo. Anakata, anapiga msasa, anagundisha, anapaka rangi. Kipimo kinachopendwa ni 1 kwa 24, yaani sentimita 1 ya kigari ni sentimita 24 za gari lenyewe. Gari la mita 4 linakuwa kama sentimita 17, linakaa mkononi.

Kampuni nyingine ya huko Shizuoka, Hasegawa, imetoa boksi la Datsun 240Z, ile ambayo Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally mwaka 1971. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaani Mjapani anakaa mezani kwake anaunganisha gari lililopata sifa kwenye vumbi la huku kwetu.

Sasa sikieni hii. Mwaka 1973 Datsun 240Z ilishinda tena, na dereva alikuwa Shekhar Mehta. Huyo alizaliwa Uganda, katika familia ya Wahindi. Mwaka 1972 Idi Amin alifukuza Waasia, na Mehta akakimbilia Kenya pamoja na familia yake. Mwaka uliofuata akashinda Safari. Baadaye akashinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, jumla mara tano. Ni kweli familia yake ilikuwa na mali, haikuanza na hema kama sisi. Lakini kufukuzwa ni kufukuzwa. Kijana akituambia mkimbizi hana jina kwenye historia ya michezo, tunamtajia huyo.

Mwaka huo huo wa 1972 ndio uliovunja pwani yetu ya Tanganyika. Tarehe 29 Aprili mashambulizi yalianza upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, watu wengi wakauawa, wengi wao Watutsi. Halafu jeshi likaua Wahutu kwa wingi sana nchi nzima, hasa wenye kusoma. Watu wa ziwani wakakimbilia Tanzania, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu. Wengi wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kuanzia mwaka 2008 wengi walirudi, na kule Nyanza-Lac wengi wakakuta shamba la baba yao linalimwa na mtu mwingine, naye ana watoto wake hapo. Mwaka 2015 ikaja safari nyingine, kuelekea Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Kuna familia zimekimbia mara mbili, tatu.

Huku kambini hakuna boksi la plastiki wala karatasi ya maelekezo. Watoto wetu wanatumia kopo la mafuta ya msaada, waya, ndala zilizokatika na mpira wa ndani wa baiskeli. Kopo linakatwa na kunyooshwa kwa jiwe, ukingo unakunjwa ili usikate vidole. Ndala inakuwa magurudumu, mpira unakuwa springi. Waya mrefu unatoka mbele hadi juu, mwisho wake ndio usukani, ili mtoto aendeshe akiwa amesimama wima. Sisi wa kikundi tunaongeza rula tu: kipimo 1 kwa 10, Corolla ya mita 4 inakuwa sentimita 40. Hesabu inaingia bila fimbo. Wengi wanapenda Hiace, na Land Cruiser nyeupe ya mashirika. Hiyo ya mwisho wanaanza na antena!

Siku moja wakabishana juu ya kiti cha dereva. Mtoto aliweka usukani kulia. Mzee mmoja wa Nyanza-Lac akasema hapana, magari aliyoyajua akiwa kijana yalikuwa na usukani kushoto. Wote wawili walisema kweli. Mbelgiji aliacha Burundi ikiendesha upande wa kulia wa barabara, na magari ya wakati ule yalifuata hivyo. Baadaye magari yaliyotumika Japani yakaanza kupita Dar es Salaam hadi kwetu, usukani uko kulia, barabara ni ile ile. Ndiyo maana dereva wa Probox akitaka kupita lori anamuuliza abiria wa mbele: kuko wazi? Basi mzee akaendelea: barabara ya Bujumbura, Rumonge, Nyanza-Lac, michikichi iko wapi, mitumbwi ilifungwa wapi, nani alikaa wapi. Watoto waliozaliwa kambini walisikia majina hayo mara ya kwanza.

Hapo ndipo uzito wa jambo uko. Siku ya kurudi, au ya kwenda nchi ya tatu, mtoto ataulizwa unatoka wapi. Wenye kujua mipaka ya shamba wanazeeka, na wengine wameshazikwa huku. Kumuuliza mzee moja kwa moja juu ya 1972 ni kumfungua kidonda. Kumuuliza gari la enzi zake lilikuwaje, anacheka, anaanza kusimulia mwenyewe.

Vijana wenzetu, kila kigari kiwe na daftari lake: mzee alisema nini, kijiji gani, mwaka gani. Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, makopo matupu na vipande vya waya msivitupe. Tuleteeni, na daftari moja au mbili juu yake.