Hiace ya zamani kwenye barabara za lave: namna ya kuitunza nyumbani Goma

Hiace nyingi zinazobeba watu kati ya Birere, Ndosho na Sake, pamoja na zile za familia zinazolala ndani ya parsele, zilitengenezwa Japani miaka ya 1990 na kufika huku zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi. Zenye 4x4 ndizo zinazotafutwa zaidi, kwa sababu ya matope ya Masisi na mawe ya mitaa isiyo na lami. Nyumba nyingi zinaishi kwa gari moja kama hiyo. Ikilala wiki mbili, minerval ya watoto haipatikani. Kwa hiyo mwenye gari, hata kama ana fundi wake, anafaa kujua ni kazi gani anaweza kufanya mwenyewe na ni ipi hapaswi kugusa.

Goma inachosha gari kuliko miji mingine mingi. Mji umejengwa juu ya lave. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulifunika sehemu ya katikati ya mji, na ule wa tarehe 22 Mei 2021 ulifika hadi Buhene na kukata barabara ya Rutshuru. Mawe hayo yakisagwa na magurudumu yanatoa vumbi kali kama kioo kilichopondwa. Vumbi hiyo ikiingia ndani ya motere inakula pistoni na silinda polepole, hadi siku moja gari inaanza kutoa moshi wa bluu na kunywa mafuta.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni filtri ya hewa. Kitabu cha gari kinataja kilomita nyingi kabla ya kuibadilisha, lakini kitabu hicho hakikuandikiwa Mugunga. Wakati wa kiangazi ifungue kila wiki. Filtri ya karatasi haioshwi kwa maji, na kuipiga ukutani kunapasua karatasi. Ipulizwe kwa hewa kutoka ndani kwenda nje, kisha iangaliwe kwenye jua: ukiona nuru inapita kwenye tundu, itupe. Wapo mashofere wanaoitoa kabisa ili gari «ipumue». Hao wanajitafutia motere mpya. Vidanje nayo isingoje kilomita 10,000. Kwa motere ya mazutu iliyozeeka, 5,000 ni mwisho, na kwa gari inayokula vumbi kila siku hata 3,000 si mapema.

Jambo la pili ni maji, na hapa wengi wanakosea. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kwenye kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya radiateri ni kifuniko chake. Kile kifuniko si cha kuzuia maji kumwagika tu, kinashikilia presha, na namba ya presha hiyo imeandikwa juu yake, kama 0.9 au 1.1. Raba yake ikichoka, gari itachemka hata kama radiateri ni mpya. Kifuniko ni cha bei ndogo, kwa hiyo kibadilishwe kabla ya kumlaumu fundi.

Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi, yanaacha ukoko mweupe unaoziba mirija. Ya mvua tuliyozoea kuchota kwenye mabati si salama pia: moshi wa volkano unaifanya mvua kuwa na asidi, ile ile inayotoboa mabati yetu. Kinachofaa ni dawa ya radiateri iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu. Gari ikichemka njiani, usifungue kifuniko. Izime, ngoja nusu saa au zaidi. Watu wameungua uso kwa haraka ya dakika tano.

Kwenye Hiace za kizazi hicho motere iko chini ya viti vya mbele. Ukiinua kiti unaona karibu kila kitu, lakini ni wachache wanaoinua bila sababu. Asubuhi, motere ikiwa baridi, fungua kifuniko, uwashe, uangalie maji: yakitoa mapovu bila kukoma, joa ya kulasi huenda imeungua. Chomoa pia kijiti cha mafuta. Mafuta yakiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, maji yamekwisha kuingia, na gari isitoke kwenye parsele hadi fundi aifungue.

Hapo hapo kuna kurwa ya distribisyo. Motere za mazutu za Toyota kama 2L, 3L, 5L na 1KZ zinatumia kurwa ya mpira, si mnyororo. Taa ya T-BELT huwaka ikifika kilomita 100,000. Shida ni kwamba gari za kununua kwa okazio mara nyingi kilomita zake zimerudishwa nyuma, au taa hiyo imeng'olewa. Kurwa ikikatika, pistoni zinagonga valvu na motere inakufa pale pale. Kama hakuna mtu anayeweza kusema ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Mazutu ya kununua kwa makadhafi wa kando ya barabara yanaweza kuwa na maji. Mimina kidogo ndani ya chupa nyeupe, uache itulie: maji yanashuka chini, mazutu inabaki juu. Chini ya filtri ya mazutu kuna kiskurubu cha kutoa maji. Kifunguliwe mara kwa mara hadi mazutu safi itoke, kisha kifungwe na upige ile pompu ndogo ya mkono hadi iwe ngumu. Pompu ya injeksyo yenyewe, hapana. Hiyo haifunguliwi nyumbani. Na moshi mweusi kidogo ukipanda Sake usiwe sababu ya kuigusa: hewa ya huku ni nyepesi karibu moja ya sita kuliko ya pwani, na motere ya zamani haijui kujipimia.

Kuhusu 4x4 kuna jambo ambalo wauzaji wa mipira hawasemi. Hiace nyingi za wakati ule zina 4x4 ya kudumu: magurudumu yote manne yanafanya kazi muda wote. Ukiweka mipira miwili mipya nyuma na kuacha mizee mbele, ukubwa wake unatofautiana, na kile kiungo cha katikati kinachogawa nguvu kinazunguka bila kupumzika hadi kinaungua. Chukua kamba, zungushia kila mpira, upime. Tofauti ya sentimita moja si neno. Ya sentimita tatu au nne ni hasara inayokuja. Dalili yake ni gari kujizuia kama imeshikwa freni ukikata kona kali polepole. Delica za zamani ni tofauti, 4x4 yake inaingizwa kwa manche, na hiyo isiachwe imeingizwa kwenye lami kavu.

Ukiwa chini ya gari, angalia mipira myeusi inayofunika viungo vya kardani mbele. Jiwe la lave likiipasua, grisi inatoka na vumbi inaingia. Ikionekana mapema, ni mpira na grisi tu. Ukisikia «ka-ka-ka» kwenye kona, kiungo chenyewe kimekwisha.

Lakini usiingie chini ya gari inayoshikwa na krik peke yake. Na usitegemeze gari kwa mawe ya volkano. Yanaonekana magumu, ila yamejaa matundu, yanavunjika ghafla chini ya uzito. Tumia vipande vinene vya mti, ubao mpana chini ya krik, na uzuie magurudumu mengine. Mtoto asicheze karibu.

Freni ndizo zinazoua. Mafuta ya freni yanavuta unyevu wa hewa, na baada ya miaka miwili hivi yanachemka upesi. Kwenye mteremko mrefu kama Kabasha, kati ya Kanyabayonga na Rwindi, pedali inaweza kushuka hadi chini bila gari kusimama. Kubadilisha mafuta hayo kunahitaji watu wawili, mmoja kwenye pedali na mwingine kwenye kiskurubu cha gurudumu, na saa moja ya uvumilivu. Plakete pia mtu anaweza kuzivaa mwenyewe. Silinda inayovuja ipelekwe kwa fundi. Na shofere ashuke na vitesi ya chini, asining'inie kwenye pedali.

Ukienda kutafuta piesi Birere, au ukiagiza Kigali ama kwenye soko la Kisekka huko Kampala, beba ile ya zamani mkononi na namba ya shasi kwenye karatasi. «Ya Hiace» haitoshi, kwani Hiace ni za aina nyingi. Piesi ya okazio lakini asilia mara nyingi inapita mpya ya kuigiza, isipokuwa freni, kurwa na rotile: hizo zinunuliwe mpya.

Volani iliyohamishwa kutoka kulia kwenda kushoto iangaliwe kila mwezi. Shika gurudumu la mbele, litikise, mwenzako akitazama viungo vya chini. Ukiona soda mpya za kuchomelea kwenye fimbo ya volani, usibebe watu hadi fundi mwenye ujuzi aipime.

Mafuta yaliyotoka kwenye vidanje yawekwe kwenye bidon. Ardhi ya lave ina nyufa kila mahali, na kinachomwagwa kwenye parsele kinashuka kuelekea ziwa ambalo mitaa mingi bado inachota maji. Wenye nyumba za mbao huyapaka kwenye mbao za nje kuzuia mchwa, na mara nyingi jirani anayejenga atayapokea kwa furaha.