Kesi ya Bibi Bovary

Bila shaka umekwisha kuona sinema ya mke asiye na raha nyumbani kwake, akaenda kuitafuta kwa mwanamume mwingine. Sinema za namna hiyo ni nyingi. Leo tutazame moja, tujue ilikotoka.

Mwaka 1856 Mfaransa Gustave Flaubert alitoa gazetini hadithi ya Bibi Emma Bovary. Emma ameolewa na Charles, mganga wa kijijini, mtu mwema lakini mzito. Emma amesoma vitabu vingi vya mapenzi, naye ataka kuishi kama watu wa vitabuni. Apata mpenzi, naye amkimbia. Kisha apata wa pili.

Serikali ilikasirika. Januari 1857 Flaubert alishtakiwa mjini Paris kuwa hadithi yake yaharibu tabia njema na kuvunjia dini heshima. Tarehe 7 Februari aliachiliwa.

Mwaka 1933 Jean Renoir aliifanya hadithi hiyo sinema huko Ufaransa. Mwaka 1949 Vincente Minnelli aliifanya tena Marekani. Siku zile Hollywood ilikuwa na kanuni zake, zilizokazwa tangu 1934: uzinzi usionyeshwe kuwa jambo la kupendeza. Minnelli alifanyaje? Aliianza sinema yake mahakamani. Flaubert asimama akimtetea Emma, nasi watazamaji tumekuwa mahakimu.

Basi, wewe ungehukumuje? Kwanza pima haya. Sheria ya Ufaransa ya 1804 ilimwamuru mke amtii mumewe. Talaka iliondolewa mwaka 1816, haikurudishwa mpaka 1884. Emma hakuwa na njia ya halali ya kutoka katika ndoa yake.

Pima na hili pia. Katika kitabu, mchuuzi Lheureux alimkopesha Emma nguo na mapambo. Deni lilipofika siku yake, alimpa hati nyingine atie sahihi. Mwisho Emma akadaiwa faranga 8,000. Aliwaendea wapenzi wake wote wawili kuomba fedha, asipate kitu. Akala sumu, akafa. Charles naye akafa baadaye, na binti yao mdogo akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba.

Wengi husema mapenzi ndiyo yaliyomwua Emma. Lakini tazama: lililombana siku ya mwisho ni deni. Emma alijua kusoma vizuri sana. Hadithi alizisoma mpaka usiku wa manane. Hati za deni alizitia sahihi tu. Nawe, ndugu mwanafunzi, furahia hadithi. Lakini hati yo yote isome mpaka mwisho kabla ya kuandika jina lako.

Maswali:
1. Kwa nini Emma hakuweza kupata talaka?
2. Nani alikosa zaidi: Emma, wapenzi wake, mchuuzi, au sheria? Toa sababu zako.